Saa ya Mwili na Maisha ya Chuo

Wanafunzi wengi wa Tanzania huingia chuo kikuu wakitokea shule za bweni, ambako kengele ilipanga kila kitu: kuamka, usafi, kula, kujisomea usiku na kulala. Chuoni kengele hiyo haipo. Kipindi cha kwanza huweza kuwa saa moja asubuhi siku ya Jumatatu na saa nane mchana siku ya Jumanne. Chakula ni shauri la mtu na mfuko wake. Na katika chumba cha watu wanne taa huzimwa pale wa mwisho anapochoka. Uhuru huo una faida zake, lakini mwili wa binadamu huenda kwa ratiba. Uchovu usiokwisha, kiungulia, maumivu ya kichwa, hasira za haraka na wasiwasi wanaolalamikia wanafunzi mara nyingi huanza, au huongezeka, pale saa za kulala na kula zinapoyumba.

Ratiba hiyo ina makao yake. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapokutana mishipa ya fahamu itokayo machoni, liko kundi dogo la seli linaloongoza saa ya mwili. Wanasayansi wa Marekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga. Anayetoka nje asubuhi na kupigwa na jua huwa ameupa mwili taarifa kwamba siku imeanza, na ifikapo usiku homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kwa usingizi, hutoka kwa wakati wake. Mwanga wa skrini ya simu iliyoshikwa karibu na uso usiku huichelewesha homoni hiyo. Katika nchi iliyo jirani na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, saa ya mwili ina msaada mkubwa wa bure, na ni hasara kuukosa kwa kujifungia chumbani hadi saa nne asubuhi.

Usingizi ndio unaostahili kutangulizwa kuliko tabia nyingine zote. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji saa saba hadi tisa kwa usiku. Usingizi mzito zaidi huja nusu ya kwanza ya usiku, na ule wa ndoto nyingi huja zaidi kuelekea alfajiri. Aina zote mbili zina kazi katika kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Ndiyo maana anayekesha kupiga msuli usiku wa kuamkia mtihani hujinyima kile kile anachokitafuta. Kuna kipimo kinachoeleza jambo hili waziwazi: utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufika hapo saa tano usiku. Mengi anayoyasoma baada ya hapo huingia kwa shida na kutoka kwa urahisi.

Katika kulala, saa ya kuamka ina uzito kuliko saa ya kupanda kitandani. Mwanafunzi anayeamka wakati mmoja siku zote, hata Jumamosi na Jumapili, hujikuta anasinzia wakati mmoja bila kujilazimisha. Usingizi wa mchana wa dakika 20 au 30 husaidia. Ukifikia urefu wa saa mbili hula usingizi wa usiku. Na wale wanaobebana, yaani wawili katika kitanda cha mmoja kwa sababu nafasi za hosteli hazitoshi, hawapaswi kulaumiwa kwa uchovu wao. Hilo ni jambo la chuo kulitatua.

Wengi huuziba upungufu wa usingizi kwa kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huzuia tu dalili ya uchovu isifike kwenye ubongo, wala haiondoi uchovu wenyewe. Nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano, hivyo kinywaji cha saa mbili usiku bado kina nusu ya nguvu yake saa saba usiku. Mtu mzima mwenye afya hashauriwi kuvuka miligramu 400 za kafeini kwa siku, na kwa anayetaka kulala mapema ni vyema kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

Dawa ya kukesha haianzii usiku wa mtihani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba kilichosomwa mara moja husahaulika kwa kasi siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hukifanya kikae. Saa moja ya kurudia somo kila siku kwenye vimbweta, ikiwa ni pamoja na kujiuliza maswali na kuyajibu bila kutazama madesa, huzaa zaidi ya saa saba za mkupuo mmoja wiki ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Faida yake haiishii kwenye alama. Hofu ya kupata sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni) ni miongoni mwa mizigo mizito inayokaa akilini mwa mwanafunzi, na asomaye kidogo kidogo hupunguza mzigo huo wiki nyingi kabla ya mtihani.

Chakula nacho kinafuata kalenda, na chuoni kalenda hiyo huandikwa na bumu. Fedha za Bodi ya Mikopo zikiingia, wiki za kwanza ni za chipsi kuku. Zikikata, watu hupiga pasi ndefu, wakila mara moja tu alasiri ili mlo huo uwafikishe kesho. Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na mwenye njaa hakosi nguvu tu, hukosa pia subira na umakini. Anayegawa fedha zake kwa wiki siku ile ile zinapoingia, akanunua mapema mchele, unga, maharage na dagaa pale anaporuhusiwa kupika, huwa amelinda mwili na akili kwa pamoja. Anayekula kwa mama ntilie pia hajapungukiwa: sahani ya wali maharage na mchicha, pamoja na ndizi au kipande cha papai, ina lishe bora kuliko chipsi mayai na kwa kawaida ni ya bei ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na masokoni matembele, mchicha na machungwa ya msimu bado viko ndani ya uwezo wa wengi.

Ipo tabia moja ndogo ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo. Chai ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani na kuyazuia yasiingie mwilini. Limau, chungwa au ubuyu, kwa vitamini C yake, hufanya kinyume. Kwa wasichana jambo hili ni zito, kwa sababu hedhi huwapotezea damu na mahitaji yao ya chuma huzidi mara mbili ya yale ya wavulana. Msichana anayechoka kwa ngazi chache, mwenye kizunguzungu na viganja vilivyopauka, apimwe wingi wa damu kabla ya kuambiwa kwamba ni mvivu. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Mazoezi hayahitaji ukumbi wala ada. Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoharakisha mapigo ya moyo zinatosha kwa mtu mzima, na anayepanda na kushuka Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miguu kati ya hosteli na madarasa huzipata bila kutenga muda. Mazoezi ya kawaida hupunguza pia dalili za wasiwasi na sonona. Maji yanywewe hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Chandarua kitumike hata katika hosteli ya mjini, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku.

Fedha na simu huonekana kuwa mambo ya nje ya afya, lakini chuoni ndizo njia mbili kubwa za kupotezea usingizi. Mkeka wa kubeti unaongoja matokeo ya mechi ya usiku humweka kijana macho, na ukichanika humpeleka kwenye mikopo ya simu au ya kausha damu, ambayo riba zake huwatesa hata wenye mishahara. Simu ikilazwa mbali na kitanda, usiku hupungua vishawishi vyote viwili, cha kubeti na cha kutazama skrini.

Msongo wa mawazo wakati wa mitihani ni wa kawaida na hupita. Sonona ni kitu kingine: huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda mtu, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na hamu ya kula, kujiona hana thamani, na kushindwa kazi za kila siku. Hiyo si laana, si kukosa imani wala si udhaifu wa tabia. Ni ugonjwa, na una tiba. Kuzungumza ni sehemu ya tiba hiyo: mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mradi wa Friendship Bench, ambamo bibi waliopewa mafunzo huwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa dalili za waliohudumiwa zilipungua. Chuoni milango ya kwanza ni zahanati ya chuo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na yule mwenza wa chumbani anayejua kusikiliza bila kuhukumu.

Kumwuliza mtu waziwazi kama ana mawazo ya kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema alichokuwa amekificha. Akijibu kwamba anayo, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi, na asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo.