Kompyuta Inapokataa Kuwaka: Maelekezo ya Kerneli na Usalama wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Kompyuta ya kituo cha afya inapowashwa asubuhi na kubaki na skrini nyeusi, neno la kwanza linalosikika ni kwamba imekufa, na la pili ni kwamba aitwe fundi "apige window". Usemi huo wa mitaani, unaotumika hata pale ambapo mashine haina Windows kabisa, humaanisha kufuta mfumo endeshi uliopo na kusimika mwingine. Fundi asiyeulizwa swali anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi na kuondoka na malipo yake, huku nyuma yake zikiwa zimepotea taarifa za wajawazito, za watoto wa chanjo na za wagonjwa wa Kliniki ya Tiba na Matunzo. Pengine diski ilikuwa nzima, na kilichohitajika ni neno moja kuongezwa katika mstari ambao kompyuta huusoma inapoamka.

Mstari huo ndio mada ya makala haya. Unahusu hasa kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, ambao haulipiwi leseni na hukubali kufanya kazi katika mashine kuukuu. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS hufanya kazi vizuri juu ya Linux, na KenyaEMR iliyojengwa juu yake husimikwa katika vituo vya Kenya kwenye aina ya Linux iitwayo Ubuntu. Kwa mtumishi aliye katika kata kama Lusu, wilayani Nzega, mambo haya si ya anasa. Tabora mjini ni zaidi ya kilometa 100, nauli ya fundi hutoka mfukoni mwa kituo, na kompyuta yenyewe huenda ilitumika kwingine kwa miaka kabla ya kufika hapo.

Kirangozi na msafara wake

Kitufe kinapobonyezwa, programu ndogo iliyomo ndani ya ubao mama huamka kwanza. Hukagua kumbukumbu ya muda, kibodi na diski, kisha huita programu anzishi iliyo kwenye diski. Katika Linux programu anzishi iliyozoeleka huitwa GRUB. Kazi yake ni kuitafuta kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuipandisha kwenye kumbukumbu ya muda, kuikabidhi mstari wa maelekezo, na kuiachia njia. Kerneli ndiyo inayotambua kadi ya picha, kichakataji, feni na diski, na baada yake ndipo huduma nyingine huamka hadi mtumiaji aone mahali pa kuandika neno la siri.

Unyamwezi una mfano wake wa kazi hiyo. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kirangozi alitangulia mbele ya wapagazi kwa kuwa aliijua njia. GRUB ni kirangozi wa hatua za mwanzo tu. Kirangozi wa msafara aliongoza hadi mwisho wa safari, lakini GRUB hukabidhi na kutoweka, na kilichosemwa wakati wa kukabidhi ndicho kerneli itakachokishika hadi mashine izimwe.

Kwa nini kerneli ihitaji kuambiwa jambo? Linus Torvalds alipoianzisha Linux mwaka 1991 aliiandika kwa ajili ya kompyuta ya aina moja aliyokuwa nayo. Leo kerneli hiyo hukutana na vifaa vya watengenezaji wasiohesabika, na si wote wanaofuata kanuni zilizokubaliwa. Ubao mama unaweza kueleza vibaya jinsi feni inavyotawaliwa, au kadi ya picha ikadai uwezo isiokuwa nao. Kerneli huamini inachoambiwa na vifaa, kisha hukwama. Maelekezo ya ziada huiambia isiamini sehemu fulani.

Mahali pa maumivu kwanza

Tabibu haandiki dawa kabla ya kujua maumivu yako wapi, na hapa pia hatua iliyokwama ndiyo inayoamua kila kitu. Mashine isiyotoa mwanga wala sauti ya feni ina tatizo la umeme: waya, soketi au kifaa cha kugeuza umeme. Ikilia milio kadhaa bila picha, ubao wa kumbukumbu ya muda huenda umelegea au umejaa vumbi, na vumbi la kiangazi cha Tabora halihitaji kuelezwa. Nembo ya mtengenezaji ikitokea lakini GRUB isionekane hata inapoitwa, uchunguzi uelekee kwenye diski na mipangilio ya ubao mama. Maelekezo ya kerneli yana kazi pale tu ambapo GRUB imefika salama na kushindwa kukatokea baada yake.

Swali linalofuata ni iwapo mashine ilifanya kazi jana. Ikiwa ilikwama mara tu baada ya kusasishwa, hakuna haja ya kuhangaika na maneno yoyote. Ubuntu huhifadhi kerneli iliyotangulia, nayo hupatikana ndani ya menyu ya GRUB, katika sehemu ya machaguo ya ziada. Ikichaguliwa ile ya zamani na mashine ikaamka, huduma huendelea na kasoro ya kerneli mpya husubiri wakati wake. Njia hii rahisi husahaulika mno.

Jinsi mstari unavyofunguliwa

Kuiona menyu ya GRUB, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Esc mara moja baada ya nembo ya mtengenezaji kutokea, au katika mashine za zamani hushikilia Shift tangu mwanzo. Chaguo la kwanza likiwa limeangaziwa, hubonyeza herufi e. Maandishi hutokea, na kati yake upo mstari unaoanza kwa neno "linux", ambao kwa kawaida huishia na maneno "quiet splash". Maneno hayo mawili huiamuru kerneli ikae kimya na kuonesha picha ya kupendeza. Yafutwe kwanza, kisha Ctrl na X zibonyezwe pamoja, au F10. Mashine itaamka ikisema kila inachofanya, na pale itakapokwama, maneno yake ya mwisho yatabaki kwenye skrini. Yapigwe picha kwa simu. Picha hiyo, ikitumwa kwa mtaalamu aliye Nzega au Dar es Salaam, ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa kwamba "imegoma".

Mabadiliko yaliyofanywa kwa njia hii hudumu kwa mwamko mmoja tu. Mstari uliohaririwa hauandikwi kwenye diski, na mashine ikizimwa hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo ni kipimo kabla hakijawa tiba, na kipimo kizuri hujaribiwa kimoja kimoja. Anayeongeza maneno manne kwa pamoja na kuona mashine imeamka hajui lipi lilifanya kazi, na amebaki na matatu yenye madhara bila faida.

Tuseme maandishi yanapita vizuri, kisha skrini inakuwa nyeusi wakati taa ya diski bado inapepesa. Anayeshukiwa ni kiendeshi cha kadi ya picha. Neno "nomodeset" huizuia kerneli isiipangie kadi hiyo namna ya kuonesha picha, ikabaki na mtindo wa kawaida uliopangwa na ubao mama. Herufi huenda zikawa kubwa na picha nzito, lakini mfumo utafunguka na kiendeshi sahihi kitaweza kusimikwa.

Kukwama kabisa, bila skrini kubadilika wala kibodi kuitika, huelekeza kwingine. Kuna utaratibu uitwao ACPI ambao kwao ubao mama huieleza kerneli habari za umeme, joto na vifaa vilivyopo. Neno "acpi=off" huuzima wote. Husifiwa sana kwa kuwa huamsha mashine nyingi zilizogoma, na sifa hiyo inastahili kupunguzwa. Kompyuta isiyo na ACPI huenda ikashindwa kujizima yenyewe, ikapoteza hesabu ya betri, ikatumia kiini kimoja tu cha kichakataji, na ikashindwa kuzitawala feni zake. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, mwezi Oktoba, mashine ya namna hiyo isiachwe ikifanya kazi mchana kutwa. Afadhali kujaribu kwanza maneno yanayogusa sehemu ndogo, kama "pci=noacpi" au "noapic", ambayo hubadilisha tu jinsi vifaa vinavyopewa zamu ya kuita kichakataji.

Ipo dalili moja inayowachanganya hata mafundi. Kompyuta ndogo za bei nafuu zenye vichakataji vya Intel vya kizazi cha Bay Trail, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2013, zilijulikana kwa kuganda zikiwa kwenye Linux, tena mara nyingi zikiwa zimetulia bila kazi nzito. Mtumishi huinuka kumpima mgonjwa, akirudi anaikuta imeganda. Chanzo kilikuwa usingizi mzito ambao kichakataji huingia ili kuokoa umeme, kisha kikashindwa kuamka. Neno "intel_idle.max_cstate=1" hukizuia kisilale sana. Betri huisha mapema zaidi, lakini fomu iliyokuwa ikijazwa haipotei.

Umeme unaokatika ghafla una alama yake. Mashine hukwama ikidai mfumo wa mafaili una hitilafu na kuagiza programu ya "fsck" iendeshwe kwa mkono, au husema imechoka kuisubiri diski. Diski iliyo nzima ila ni nzito kuamka husaidiwa na "rootdelay=10", inayoipa kerneli subira ya sekunde kumi. Lakini maneno ya mwisho kwenye skrini yakitaja makosa ya kusoma na kuandika ya diski yenyewe, hapo majaribio yakome. Diski inayokufa haitibiwi kwa maneno, na kila kuwashwa kunaweza kuwa kwa mwisho. Izimwe, itolewe, na nakala yake ichukuliwe na mwenye vifaa kabla ya ukarabati wowote.

Huduma haisimami wakati uchunguzi unaendelea. Rejista za MTUHA zipo, na kadi ya CTC1 aliyonayo mgonjwa hubeba mambo mengi ambayo kompyuta inayashikilia; ndiyo sababu mgonjwa huombwa aje nayo kila mara.

Mlango ulio wazi

Mstari uleule unaoiokoa kompyuta unaweza kuisaliti. Lipo elekezo linalomfungulia aliyeketi mbele ya kibodi mamlaka yote ya mashine bila kuulizwa neno la siri. Halina ubaya kwa fundi halali aliyesahau neno lake, lakini humaanisha kwamba neno la siri la kuingilia si ukuta kwa mtu anayeweza kuifikia mashine yenyewe. Majibu ya vipimo vya VVU yakiwa humo, kinachofaa ni diski iliyofumbwa tangu siku ya usimikaji, na chumba chenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na kituo kinachompa fundi mashine aende nayo nyumbani kimempa na taarifa hizo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kompyuta iliyokuwa mezani wiki iliyopita iko wapi leo.

Kwa sababu hiyohiyo lipuuzwe pendekezo la kuongeza "mitigations=off" ili mashine ya zamani iende mbio. Neno hilo huondoa kinga zilizowekwa baada ya udhaifu wa Spectre na Meltdown kutangazwa Januari 2018. Huenda kasi ikaongezeka kidogo, lakini mashine ya kumbukumbu za wagonjwa iliyounganishwa na intaneti si mahali pa kufanyia biashara hiyo.

Neno lililothibitika kufaa hufanywa la kudumu kwa kuliandika katika faili la /etc/default/grub, ndani ya alama za kunukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha kuendesha amri ya "sudo update-grub". Bila amri hiyo ya mwisho hakuna kitakachobadilika. Amri ya "cat /proc/cmdline" huonesha maelekezo ambayo kerneli iliamka nayo kweli, na ndiyo ya kumwomba fundi aiendeshe mbele ya mtumishi kabla ya kulipwa. Neno lililowekwa, tarehe na sababu yake viandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, kwa kuwa kerneli za baadaye hurekebisha kasoro nyingi. Baada ya miezi kadhaa neno hilo linaweza kuondolewa kwa mwamko mmoja wa majaribio, kwa herufi ileile e, ili kuona kama bado linahitajika.

Tarehe yenyewe ikaguliwe kwanza. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032, ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na mgonjwa aliyehudhuria leo huandikwa kuwa alihudhuria muongo uliopita.