Nyota zinazosikika chini ya sekunde moja kwa siku

KUNA nyota ambazo mawimbi yake ya redio, yakikusanywa ya siku nzima, kwa kawaida hayafiki sekunde moja. Hutoa pigo la kufumba na kufumbua, kisha kimya cha dakika kadhaa, pengine saa tatu.

Ni nyota za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka: uzito unaozidi wa Jua umeshindiliwa katika tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Nyingine za jamii hiyo, palsa, zinajulikana tangu 1967. Humulika kila zinapozunguka, kama mnara wa taa pwani. Hizi zenye kusuasua zilitangazwa 2006, zikiwa 11, na timu ya Maura McLaughlin iliyopekua kumbukumbu za darubini ya redio ya Parkes, Australia. Zilikuwa zimepitwa kwa kuwa kompyuta zilitafuta mdundo usiokatika.

Kasi yake hupatikana kwa hesabu ya shule ya msingi, ile ambayo wanafunzi wa Tanzania wanaiita KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Tuseme mapigo manne yameachana kwa sekunde 12, 20 na 28. Zote zinagawanyika kwa 4, basi huenda nyota huzunguka kila sekunde 4. Lakini pigo la tatu lisiposikika, mapengo hubaki 12 na 48, na hesabu inadanganya: sekunde 12. Dawa ni kusubiri mapigo zaidi.

Kisha huja kazi ngumu, kuunganisha kipimo cha leo na cha mwezi ujao bila kupoteza mzunguko hata mmoja. J1819-1458 huzunguka kila sekunde 4.26, yaani zaidi ya mara 20,000 kwa siku, na mapigo yake hayatoki mahali pamoja: yamejipanga katika mikondo mitatu. Hata hivyo saa yake imepatikana, nayo imeonyesha kwamba nyota hiyo inapunguza mwendo na ina usumaku mkali kuliko palsa nyingi.

Uvumilivu huo una sababu. Milipuko ya nyota kubwa katika galaksi yetu hukadiriwa kuwa miwili hivi kwa karne. Mwaka 2008, Evan Keane na Michael Kramer walijumlisha nyota za nyutroni za kila aina na kukuta waliozaliwa wanazidi vifo vilivyowazaa. Huenda basi nyota ileile hubadili tabia inapozeeka, ikahesabiwa mara mbili.

Msako umehamia pia Afrika Kusini, ambako madishi 64 ya MeerKAT, jangwani Karoo, yameongeza nyingine. Yataunganishwa na mradi wa SKA, ambao Kenya, Zambia na Msumbiji ni miongoni mwa washirika wake barani.