Gitaa Lililokuja na Shuka

Kijana aliingia kibandani kwangu Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye shuka jekundu kama anayebeba mtoto mchanga. Nyuma yake alikuja mzee mwenye koti la kijivu. Huyo hakuingia. Aliketi kwenye benchi la muuza kahawa, akaagiza kikombe, akageuza uso kuelekea Mlima Kwaraa kana kwamba biashara ile haimhusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea redio tena?"

"Gitaa. Mzee anataka laki tano. Nisaidie kulipima kabla sijatoa hela."

Kazi yangu ni ufundi redio, hapa Babati, hatua chache kutoka stendi. Jioni napiga solo kwenye kwaya. Kwa hiyo gitaa la umeme likiugua kati ya Magugu na Bonga, siku si nyingi litalala mezani kwangu. Mengi ni yale ya mbao nzima, mazito, yasiyo na tumbo. Nilipofungua shuka nilinyamaza kidogo. Hili lilikuwa na tumbo.

Kwa asiyejua: gitaa kavu, ambalo wazee waliliita galatoni kutokana na yale ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini, ni sanduku la hewa. Uzi unatikisa ubao wa juu, ubao unatikisa hewa ya ndani, sauti inatoka. Gitaa la umeme la mbao nzima halina sanduku; linategemea vidude vilivyo chini ya nyuzi, kila kimoja sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukicheza juu yake, umeme kiduchu unazaliwa kwenye ule waya, ndugu wa dinamo ya baiskeli. Wanamuziki wanakiita kidude hicho pikapu, jina ambalo hapa mjini linamfanya mtu afikirie gari la kwenda mnadani. Gitaa la kijana lilikuwa na vyote viwili: tumbo tupu lenye upana wa beseni na unene wa vidole vinne, matundu mawili yaliyokatwa kwa umbo la herufi f kama ya fidla, na pikapu mbili.

Mama wa gitaa hili ni kelele za tarumbeta. Marekani ya miaka ya 1930, mpiga gitaa aliyeketi mbele ya safu ya tarumbeta na saksafoni alikuwa anajisikia peke yake. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ikatoa ES-150, gitaa la tumbo lenye pikapu, na mwaka 1939 kijana Charlie Christian akaingia nalo kwenye bendi ya Benny Goodman, akawa anapiga noti moja moja kama mpuliza saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Mlango alikuwa ameshaufungua.

Kwetu mambo yalipita njia hiyohiyo, kwa kuchelewa kidogo. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, enzi ambazo ngoma na vyombo vya kupuliza, urithi wa beni, ndivyo vilivyobeba dansi. Miaka ya 1950 Fundi Konde wa Kenya akawa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi kwa gitaa la umeme. Rekodi za Kongo zikamiminika. Hadi Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wanakwenda Japani kwenye Expo 70, gitaa la solo ndilo lililokuwa linasimulia na tarumbeta zinaitikia. Huku kaskazini Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walipiga na Arusha Jazz, kilomita kama 170 kutoka hapa nilipo, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Ukitazama picha za bendi za miaka ile utakutana na matundu ya f mara nyingi, na sababu yake mimi naisikia vidoleni. Noti ya gitaa la tumbo huzaliwa haraka na kufa mapema, maana ubao unaigawia hewa nguvu zake. Kwenye mbao nzima noti inang'ang'ania. Sasa kwenye dansi letu solo anakimbiza nyuzi mbili mbili, ridhimu anakatakata, besi anatembea. Noti zinazokawia zitagongana kama bajaji kwenye kona ya stendi.

"Mjomba, nichomeke waya?" kijana akauliza.

"Bado."

Gitaa la tumbo naanza nalo likiwa kavu. Amplifaya nzuri inaficha mengi. Nililigonga mgongoni na ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti. Likijibu "to" ni zima. Likijibu "to" halafu kitu kikachakacha nyuma yake, kuna ubavu wa ndani umeachia gundi. Agosti ndio mwezi mzuri wa kazi hii hapa kwetu. Hewa ni kavu, upepo umejaa vumbi, mbao zinanywea, na penye ufa panajitangaza. Ukinunua Aprili mvua ikinyesha, mbao zimevimba na ufa umefungwa, utasikia habari zake baada ya mavuno.

Lilichakacha. Nikamulika tochi ya simu kwenye tundu la f: mbavu mbili zimeshika vizuri, utando wa buibui, na kizibo cha soda. Tulilipindua, tukalitikisa, kikaanguka mezani. Yule mzee kule kwenye kahawa akageuka kwa mara ya kwanza.

Kijana naye alichungulia ukingo wa tundu, akakunja uso. "Plaiwudi, mjomba? Kama ya kabati?" Tabaka zilionekana, ni kweli. Nikamwambia hata Gibson ES-175 ya mwaka 1949, gitaa lililopigwa na wataalamu wakubwa wa jazi, uso wake ni plaiwudi. Ubao mmoja uliochongwa una sauti tamu zaidi ukilipiga gitaa likiwa kavu, lakini mbele ya spika unatikisika ovyo. Plaiwudi ni ngumu, haibabaiki. Kwenye ubao wa vidole ndipo nilipopendezwa: mbao nyekundunyekundu ya ukoo mmoja na mpingo wetu, na freti zake, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, zimelika kidogo tu kwenye nne za mwanzo. Aliyekuwa nalo alipiga ridhimu zaidi ya solo.

Kisha nikaazima utepe kwa fundi cherehani jirani. Hapa wanunuzi wengi hupigwa. Kwenye magitaa mengi ya namna hii daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi tumboni, halikugundishwa. Limekandamizwa na nyuzi zenyewe, basi. Likisogea, gitaa zima linadanganya. Kutoka nyuzi zinapoingia shingoni hadi freti ya 12 nilipata milimita 314. Kutoka freti ya 12 hadi darajani ilitakiwa iwe hivyohivyo na nyongeza ndogo. Nilipata 309. Ndiyo maana nyuzi zikiwa wazi lilikuwa limekaa sawa, lakini ukipanda juu ya shingo kila noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Wasiojua wangesema shingo imepinda. Shingo ilikuwa nzima: nilibana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, katikati pakabaki nafasi ya unene wa kadi. Nikalegeza nyuzi, nikalisogeza daraja kwa vidole, nikapima, nikakaza, nikasikiliza, nikasogeza tena. Lilipokaa nikalizungushia alama ya penseli.

"Sasa chomeka."

Likanguruma kwanza. Pikapu zenye koili moja hunasa umeme wa ukutani, ambao kwetu unacheza mara 50 kwa sekunde, karibu kabisa na noti ya G ya chini. Nikiwa na usingizi huwa natamani kutyuni kwa hiyo. Pikapu zenye koili mbili zilizopingana huimeza ngurumo hiyo. Hizi zilikuwa za koili moja, kwa hiyo nikamwonyesha kijana ageuke robo duara, aache kuelekeana na transfoma ya amplifaya. Ngurumo ikapungua nusu. Kitufe cha sauti kilikwaruza. Dawa ya kusafishia na kukizungusha mara ishirini ilitosha.

Halafu nikapiga noti zote polepole, moja baada ya nyingine, nikiongeza sauti. Kwenye uzi wa sita, freti ya tano, noti ya A, tumbo likaitikia. Puliza mdomo wa kibuyu utaisikia noti moja ambayo kibuyu kinaipenda. Gitaa la tumbo nalo lina yake. Spika inatikisa tumbo, tumbo linatikisa uzi, uzi unaipa pikapu, pikapu inairudishia spika, kama umbea wa mtaani unaorudi kwa aliyeuanzisha ukiwa umenenepa. Ghafla kibanda kizima kinavuma.

Nalijua jambo hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliazima gitaa la aina hii kwa ajili ya harusi kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Nikasimama mgongo kwa spika, sauti juu, nikijiona Mbaraka. Bibi harusi anaingia, mimi nashika ile noti, likavuma kama kiboko wa Ziwa Babati. Mshereheshaji alidhani ni maiki yake, akaanza kuipigapiga, ikawa mbaya zaidi. Bibi harusi alisimama mguu mmoja mbele. Nilichomoa waya, tukaimba kavu.

Dawa zake nilijifunza baadaye. Simama pembeni ya spika, punguza besi, nyuzi usizozipiga ziguse kwa kiganja. Ikishindikana, ziba matundu. B.B. King, mpiga gitaa wa Marekani aliyepiga Kinshasa mwaka 1974, alikuwa anajaza vitambaa kwenye matundu ya gitaa lake, mpaka Gibson walipomtengenezea gitaa la Lucille lisilo na matundu mwaka 1980. Sisi tulichana kipande cha fulana. Mvumo ukarudi nyuma, utamu ukabaki.

Nilikuwa katikati ya kumweleza habari za nyuzi, kwamba zile namba 9 anazopenda haziwezi kutikisa tumbo na aweke 11 au 12, umeme ulipokatika. Amplifaya ikafa, mashine ya kusaga jirani ikanyamaza. Nikaendelea kupiga. Bila waya, fulana nimeitoa, sauti ilimfikia muuza kahawa, na yule mzee akaja hadi mlangoni, kikombe mkononi, akasema maneno yake ya kwanza.

"Hilo daraja lilikuwa linanisumbua miaka."

"Lilikuwa limesogea milimita tano."

"Basi tu?"

"Basi tu, mzee."

Akalichukua, akapanda nalo hadi freti ya 12, akashuka, akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Nikahofia ataghairi kuuza. Walibishana na kijana kwa nusu saa, wakaachana kwenye laki nne na ishirini, shuka likarudi kwa mwenyewe.

Wiki mbili baadaye kijana alikuja mbio, gitaa mgongoni halina hata uzi mmoja, mkono mmoja mfukoni. Alikuwa amenunua zile namba 11, akatoa nyuzi zote kwa mpigo ili asafishe vumbi.

"Mjomba, limeng'oka!" Akatoa daraja mfukoni, akaliweka mezani.

Nikalifuta vumbi. Ile penseli kwenye ubao haikuwa imefutika.