Boti ya mtumba: bei nafuu huweza kuficha ubao uliooza

WAKAZI wengi wa miji ya mwambao wanaotafuta boti ya mashine kwa mara ya kwanza huvutiwa na zilizokwishatumika, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hata hivyo, kasoro isiyoonekana ufukweni huweza kugharimu maisha baharini.

Sehemu ya kwanza kukaguliwa ni ubao wa tezi unaobeba mashine. Katika boti nyingi kuukuu za faiba, ubao huo ni plaiwudi iliyofunikwa. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, plaiwudi huoza kwa ndani huku rangi iking'aa kwa nje. Ukigongwa kwa mpini wa nyundo, ubao mzima hutoa mlio mkavu. Uliooza hutoa mlio mzito, uliofifia.

Mashine iwashwe ikiwa baridi, kwani muuzaji akiipasha moto mapema huficha ugumu wake wa kuwaka. Ikishawaka, itoe mchirizi wa maji wenye nguvu. Mchirizi dhaifu ni dalili kwamba pampu ya kupoza imechakaa au njia zake zimezibwa na chumvi.

Kwa Tanzania Bara, nyaraka za usajili na ukaguzi zihakikiwe kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Malipo yatolewe baada ya boti kujaribiwa baharini, mbele ya fundi aliyeletwa na mnunuzi. Ngama itazamwe kabla ya kuondoka na baada ya kurejea: maji yakiwa yameongezeka, chombo kinavuja.