Fahamu: Je, antena ya kopo inaweza kuvusha Wi-Fi Ziwa Tanganyika?

Ni kopo la bati lenye waya wa shaba wa sentimita 3 hivi ndani yake. Haiongezi umeme, bali inakusanya mawimbi na kuyaelekeza upande mmoja. Kwa madishi makubwa, Ermanno Pietrosemoli na wenzake walifikisha Wi-Fi kilomita 382 nchini Venezuela mwaka 2007, kutoka mlima hadi mlima.

Urefu huo wa mlima ndio siri. Kwenye kilomita 50 za maji, mviringo wa dunia huinua ziwa katikati kwa takriban mita 49, na mawimbi yanataka nafasi zaidi juu yake. Mlingoti mfupi ufukweni mwa mji wa Baraka, upande wa Kongo, hautoshi. Milima ya Fizi ingefaa sana, lakini uliza usalama kwanza. Mimi ningeanza na rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba kutoka Baraka.