Mwalimu wa sanaa Rubavu anapotafuta mwenzake

Kutoka Nengo, hapa Gisenyi, hadi vilima vya Nyundo, wilayani Rubavu, mwalimu wa hesabu akikwama ana wa kumuuliza darasa la jirani. Mwalimu wa sanaa mara nyingi hana. Yuko peke yake shuleni, na kipindi chenyewe ameongezewa juu ya masomo mengine. Mtaala wa umahiri ulioanza kutumika Rwanda mwaka 2016 unamtaka afundishe muziki, uchoraji, kazi za mikono na maigizo, lakini mtihani wa taifa wa darasa la sita hauulizi swali hata moja la sanaa. Somo lisilotahiniwa hunyimwa saa, karatasi na rangi, na mwalimu wake hunyimwa mafunzo.

Ndiyo maana makundi ya WhatsApp ya walimu yana thamani kubwa kuliko wakubwa wanavyodhani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, simu ndiyo iliyobaki kuwa ofisi ya walimu.

Chukua imigongo, michoro ya mistari na pembe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili yake ni Kirehe, mpakani na Tanzania, ncha ya nchi iliyo mbali kabisa na Rubavu. Picha ya kitabuni huonyesha kazi iliyokwisha kukauka. Haionyeshi vidole vinavyobana ukingo wa mstari samadi ikiwa mbichi, wala mchanganyiko uwe mzito kiasi gani ndipo usipasuke. Klipu ya dakika mbili kutoka kwa mwalimu wa Kirehe huyaonyesha yote. Naye wa Rubavu ana cha kumrudishia: jinsi darasa linavyopata kazi kwa mkaa, udongo na magome makavu ya migomba, bila kununua chochote dukani.

Mwaka 1991 watafiti Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu kilichoieneza dhana hiyo ya watu wa kazi moja kujifunza kwa kushiriki. Semina zetu huileta kama kitu cha ng'ambo. Kumbe Lave aliichota kwa sehemu Monrovia, Liberia, alikokaa na mafundi cherehani miaka ya 1970. Mwanagenzi alianza na kazi za mwisho, vifungo na mapindo. Kukata kitambaa kulikuja baadaye, maana kitambaa kilichoharibika ni hasara. Muda wote huo alikuwa akiona nguo zikiwa nusu nusu mikononi mwa wengine.

Hapo ndipo makundi mengi yanapopotea. Yamejaa matangazo, pongezi, rambirambi na picha za sherehe, watoto wamevaa mavazi ya wachezaji ngoma wa Intore, kila kitu kimenyooka. Wimbo ambao darasa limeshindwa kuushika hauonekani, na huo ndio ambao mwalimu angeweza kusaidiwa na mwenzake. Picha za watoto nazo zinataka uangalifu: sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inadai idhini ya mzazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Piga picha ya mikono na kazi, inatosha kabisa.

Eneo hili halianzi leo kuthamini sanaa. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 kuongoza kanisa la Nyundo, alitumia miaka mingi kukusanya mila, methali, hadithi na nyimbo za Rwanda na kuzichapisha. Mwaka huohuo wa 1952 ndipo Shule ya Sanaa ya Nyundo ilipoanza. Mwaka 2014 ikafuata shule ya muziki papo hapo Nyundo, ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga. Hazina hiyo ya nyimbo na mafundi haipaswi kukaa mbali na mwalimu wa msingi anayehangaika peke yake na darasa la watoto hamsini.

Kwa sasa mwalimu huyo anajifunza usiku, kwa bando analolinunua mwenyewe. Kinachohitajika kwake ni kidogo: shule ilipe bando, na ratiba ya wiki imwachie saa moja ya kukaa na wenzake mtandaoni, ihesabiwe kuwa kazi sawa na kusahihisha madaftari.