Muhammad Ali, Joe Louis na Marciano: Nani Angemshinda Mwenziwe?

Katika mchezo wa ngumi hapana mabishano yanayodumu kama yale ya kulinganisha mabingwa ambao hawakupata kukutana ulingoni wakiwa katika siku zao za nguvu. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na mrukaji hupimwa kwa futi. Lakini mpiga ngumi hupimwa kwa mtu aliyesimama mbele yake, na huenda mtu huyo alikuwa mzee, au mgonjwa, au dhaifu tangu mwanzo. Ndiyo sababu jina la Muhammad Ali, aliyefariki tarehe 3 Juni 2016, lingali likiwagombanisha wapenzi wake na wale wanaowasifu Joe Louis na Rocky Marciano.

Neno la kwanza la kuuliza ni hili: Ali yupi? Wengi hutaja usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, alipopigana na George Foreman. Foreman alikuwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, na katika hizo 37 alizimaliza kabla ya muda kwisha. Ali alikuwa na miaka 32. Akaegemea kamba, akajikinga uso na mbavu, akamwacha kijana ajichoshe kwa kupiga, na katika raundi ya nane akamwangusha. Ulikuwa ushindi mkubwa wa akili na moyo, lakini haukuwa ushindi wa miguu. Mtu haegemei kamba mbele ya Foreman ikiwa miguu yake yaweza kumwondoa hapo.

Ali wa miguu alikuwa yule wa mwaka 1966 na mwanzo wa 1967. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, na uzito wa ratili zaidi ya 210, naye alizunguka ulingoni kama mtu mwepesi wa ratili 150. Tarehe 14 Novemba 1966 mjini Houston alimmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu, na picha za sinema za usiku ule ndizo zinazoonyeshwa kila mara mtu anapotaka kuthibitisha kwamba hapana aliyepata kuwa bora kuliko yeye. Wanaozionyesha husahau kutaja kwamba mwaka 1964 Williams alipigwa risasi na polisi, akaondolewa figo moja. Zora Folley naye, aliyeangushwa katika raundi ya saba tarehe 22 Machi 1967, alikuwa amekwisha pita miaka thelathini na siku zake njema zilikuwa nyuma yake.

Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa na ruhusa ya kupigana, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakukaa gerezani, kwa kuwa alikata rufani, na tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu ile. Lakini tangu umri wa miaka 25 hata 28 hakuonekana ulingoni. Aliporudi, Oktoba 1970, alikuwa mzito zaidi na mwepesi wa kuguswa, na tarehe 8 Machi 1971 Joe Frazier alimwangusha kwa mkono wa kushoto katika raundi ya kumi na tano na kumshinda kwa pointi. Basi shida ya kumpima Ali ni hii: alipokuwa mwepesi kabisa hakupata wapinzani wakubwa, na alipowapata wapinzani wakubwa, wepesi ulikuwa umepungua. Wanaochukua miguu ya 1966 na kuiunganisha na moyo wa 1974 wanamtengeneza mtu ambaye hakupata kuwako.

Watu wa Afrika Mashariki walimwona kwa macho yao Februari 1980, alipofika Dar es Salaam na Nairobi, ametumwa na Rais Carter kuziomba serikali zisipeleke wachezaji katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. (Kenya haikwenda, Tanzania ilikwenda.) Alikuwa na umri wa miaka 38 na alikuwa amestaafu. Oktoba ya mwaka huo huo alirudi ulingoni kupigana na Larry Holmes, akapigwa raundi kumi mpaka msaidizi wake akayakomesha mapigano. Mwaka 1984 ikajulikana kwamba alikuwa na maradhi ya kutetemeka.

Joe Louis aliingia katika ubingwa tarehe 22 Juni 1937, akautetea mara 25, akaacha mwaka 1949. Katika uzito wa juu hapana aliyeifikia hesabu hiyo. Siku yake iliyo bora yajulikana bila shaka: 22 Juni 1938, alipomwangusha Max Schmeling katika raundi ya kwanza, dakika mbili na nukta nne tu, baada ya kushindwa naye miaka miwili kabla. Nguvu za Louis hazikuwa katika kuzunguka. Alisogea polepole, akapiga kwa mkono wa kushoto ulionyooka, na mara mlango ulipofunguka makonde yake mafupi yalifuatana bila nafasi ya kupumua.

Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni kwamba Louis naye alipoteza miaka. Aliingia jeshini Januari 1942, na tangu Machi mwaka huo hadi Juni 1946 hakuutetea ubingwa wake hata mara moja. Mmoja alipoteza miaka yake kwa kuvaa sare ya jeshi, mwingine kwa kuikataa. Louis aliyerudi hakuwa yule wa zamani. Mwezi wa Desemba 1947 Jersey Joe Walcott alimwangusha mara mbili, na waamuzi waliompa Louis ushindi hawakuwa na kauli moja.

Marciano yu peke yake. Alipigana mara 49 akashinda zote, akaondoka Aprili 1956 akiwa na miaka 32. Lakini Louis aliyemshinda mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, na Walcott aliyemnyang'anya ubingwa mwaka 1952 alikuwa na 38, tena Walcott alikuwa mbele kwa pointi mpaka raundi ya kumi na tatu. Mwaka 1969 Marciano na Ali walicheza mbele ya sinema mapigano yaliyopangwa, na matokeo yakasemwa kuwa yametolewa na mashine ya kompyuta: Marciano ashinda katika raundi ya kumi na tatu. Hesabu ile haifai kitu. Mikono ya Marciano ilikuwa na upana wa inchi 68, ya Ali inchi 78, na Ali wa 1967 asingesimama amngoje.

Louis ni habari nyingine. Henry Cooper alimwangusha Ali mwaka 1963 kwa mkono wa kushoto, maana Ali alizoea kushusha mikono na kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma. Na Louis alikuwa na mkono wa kushoto ulio bora kuliko wa Cooper. Hata hivyo Louis alitaabishwa siku zote na watu wa kuzunguka. Kwa raundi kumi na tano, Ali wa 1967 angempata kwa pointi, na yamkini angeanguka mara moja njiani.

Wapenzi wa Louis hawakubali, nao humtaja Billy Conn. Tarehe 18 Juni 1941 Conn, aliyekuwa mwepesi kwa Louis kwa ratili 25 au zaidi, alimzunguka raundi kumi na mbili na alikuwa mbele katika karatasi za waamuzi wawili kati ya watatu. Katika raundi ya kumi na tatu alisimama kubadilishana makonde naye. Zilikuwa zimebaki nukta mbili raundi ile iishe, Conn alipohesabiwa kumi.